Pikipiki ya Mama Mkwe

Jumatano, 5 Agosti 2009. Kitale.

Nyumba iko kimya mpaka inaudhi. Edah aliondoka Jumapili na begi moja, akarudi kwao. Leo Jumatano simu yake bado inaniambia mteja hapatikani. Mteja! Mke wangu amekuwa mteja.

Maneno yake ya mwisho mlangoni – ati mimi nazijua pikipiki zote za Kitale kwa sauti, lakini yeye hata akilia ndani ya chumba hiki hiki simsikii. Nilikuwa nimeshika kabureta ya mtu. Sikuiweka chini. Hata sijui kwa nini sikuiweka chini.

Mchana Joan amepiga. Ni dada yake mdogo, bado yuko kwao Bungoma na mama yao. Nilidhani ananiletea matusi. Kumbe ametumwa na mama: ile pikipiki yake aliyompa kijana aendeshe boda boda mjini imekuwa goigoi, haipandi mlima. Mama anasema kama kweli mimi ni fundi, nije niiguse.

"Kuja tu, shemeji," Joan amesema. "Na usikuje na mdomo. Kuja na spana."

Nimeuliza kama Edah pia anataka nije. Amesema hilo hakutumwa.

Nimemwomba Ngari ruhusa. Ndiye mwenye gereji, na ndiye aliyenifundisha hii kazi ya kufungua njia ya hewa. Watu hudhani nguvu ya pikipiki iko kwa petroli. Iko kwa pumzi. Ndani ya silinda hed, kile kichwa cha alumini kinachokaa juu ya silinda, kuna njia ambayo hewa na petroli hupitia. Kiwandani huiacha na makwaruzo na ngazi ngazi. Ukiipitishia tupa na msasa taratibu, ukaondoa vizuizi, pikipiki ile ile inaamka. Ngari amenipa tupa zake nyembamba, zile hapendi kuazima mtu, na onyo lile lile la siku zote: upande wa bolti ndefu ukuta ni mwembamba, na nyuma yake ndipo mafuta ya injini hupanda kwenda kwa vali. Toa kidogo, weka tupa chini, uende ukanywe chai.

Kitu kimoja kimemshinda kuelewa, kwa sababu si mtu wa kwetu. Ameuliza nitafanyaje kazi kwa boma ambalo siwezi hata kumsalimia mwenye boma. Nimemweleza tena: sisi Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawaongei moja kwa moja, hawali chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Ni heshima. Miaka yote na Edah, mama yake nimemwona mara moja tu, mgongo, akikimbilia mahindi na leso kichwani. Lakini yeye ni mama wa soko. Anatoka asubuhi, anarudi jioni. Mchana boma ni langu. Kesho nafungua, Ijumaa nafunga, jioni naongea na mke wangu. Rahisi!

Alhamisi, 6 Agosti. Bungoma.

Nimefika mama akiwa ameshaenda soko. Joan amenifungulia stoo. Mlango mmoja, dirisha dogo, magunia ya maharagwe, na pikipiki katikati kama ng'ombe mgonjwa. Mlango wa stoo unaangaliana na veranda ya nyumba kubwa, na geti liko ng'ambo ya veranda. Hilo sikulifikiria leo.

Shafi ndiye huiendesha. Mtu wa hapa mjini, anaishi karibu na msikiti, maneno mengi. Amesema hii kitu ikipakia watu wawili pale kwa mlima wa mtoni inalia kama mbuzi. "Abiria wanashuka wanasukuma, bana. Aibu!" Wakati anasema hayo alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikadhani ni hiyo aibu.

Hata kiki ya kuiwasha sikupiga. Nilisikia "haipandi mlima", nikasikia "njia ya hewa". Kabla ya chakula cha mchana hed ilikuwa mezani.

Edah hakutoka. Niliona kitambaa chake kikipita kwa dirisha la jikoni. Joan ameleta ugali na kunde, nikamuuliza nani amepika. Amesema nile, mambo ya nani amepika niachane nayo. Lakini ile chumvi naijua! Ni mkono wa Edah. Nimekula yote nikapangusa sahani na kidole.

Mama hajarudi bado. Nateleza nje nikalale kwa Shafi.

Ijumaa, 7 Agosti.

Balaa.

Asubuhi kazi ilienda kama wimbo. Nimeondoa ngazi yote, nimelainisha ile kona ya ndani, kidole kinapita bila kugusa kitu. Ngari angeiona angenyamaza, na Ngari akinyamaza hiyo ni sifa. Kufikia saa saba nilikuwa nimemaliza. Nimemtuma Shafi gasketi mpya, ile karatasi ya kuziba kati ya hed na silinda, nifunge.

Halafu kelele getini! Mama mkwe analetwa na baiskeli, ameteleza sokoni kwa majani ya kabichi, mguu umefura. Ile ya "uuwi!" mpaka majirani wametoka. Mimi nimevuta mlango wa stoo haraka kabla macho hayajakutana. Nikadhani watampeleka ndani kitandani. Wapi! Ametaka kiti veranda. Ati ndani kuna joto. Mguu juu ya stuli, uso kwa mlango wangu.

Joan ameninong'onezea kwa ufa wa mlango: "Sasa shemeji uko ndani ya sanduku."

Na choo? Kiko nyuma ya nyumba kubwa. Joan amepata njia. Anasimama mbele ya mama yake, anatandaza leso ya maua mekundu kama pazia, na anaimba wimbo wa kwaya. Wimbo ukianza nakimbia. Wimbo ukianza tena narudi. Mtu mzima! Fundi ninayejulikana hadi Kiminini, naenda choo kwa ratiba ya kwaya!

Shafi amerudi jioni. Ati gasketi hakuna Bungoma nzima, itatoka Eldoret Jumatatu. Na geti limefungwa kufuli, ufunguo unalala na mama. Leo kitanda changu ni maharagwe.

Jumamosi, 8 Agosti.

Yuko pale pale. Nachungulia kwa ufa: mguu kwa stuli, anachambua maharagwe, macho kwa mlango. Hata usingizi wa mchana hana.

Sina la kufanya. Hed imekwisha, iko mezani, inaniangalia. Nimeichukua tena – kidogo tu, msasa laini, kupitisha muda. Mkono wangu haujui kukaa. Chai ya kwenda kunywa haipo, inaletwa hapa hapa kwa ufa.

Edah amecheka na jirani huko jikoni. Amecheka sana, kile kicheko cha kushika tumbo. Nyumbani Kitale sijakisikia tangu sijui lini. Nimeacha msasa nikashika tupa. Hajaja hata mlangoni kuniambia mavi yako. Siku ya tatu hii! Nimesugua mpaka alumini ikang'aa, ukiinamisha hed unaona dirisha ndani yake.

Jioni mama ameniuliza swali. Maneno yanapita kwa Joan, ingawa sauti zetu sote tunazisikia, ni hatua chache tu.

"Joan, muulize huyo fundi, hiyo kitu itapanda?"

"Joan, mwambie mama itapanda mpaka ishangae yenyewe."

"Joan, muulize, hata na watu wawili?"

"Joan, mwambie hata wakiwa na gunia."

Mdomo wangu! Basi mama ametoa neno. Jumanne nimpakie Edah, nimpeleke Matulo kwa shangazi yake, dada ya marehemu baba yao. Huko ndiko itasemwa kama Edah anarudi Kitale na mimi au anabaki. Na kama pikipiki haina nguvu, hakuna safari. Mtu aliyeshindwa na pikipiki asije kusema habari ya bibi.

Kwa hiyo yote iko hapa, kwa hiki kipande cha alumini. Nimekishika tena.

Jumapili, 9 Agosti.

Nataka kuiandika vile ilivyokuwa.

Joan na Edah wameenda kanisa. Nimewaona kwa dirisha wakitoka, Edah na ile nguo ya bluu, hakugeuka. Mama amebaki kwa sababu ya mguu. Boma lote kimya, kuku tu. Mimi na tupa yangu. Nilijiambia kuna mahali pamoja, upande wa bolti, bado pana kauvimbe. Hapakuwa na kauvimbe. Nilikuwa nimechoka kufungiwa tu.

Kisha sauti kutoka veranda.

"Joan."

Nimeshtuka. Joan si ameenda kanisa?

"Joan, hebu muulize huyo fundi kama alikunywa chai."

Nimechungulia dirishani. Hakuna mtu. Kuku anakwaruza. Nikaelewa. Nimekaa pale nimeshika hed, nisijue kama hiyo inaruhusiwa. Mwishowe nimejibu.

"Joan, mwambie mama nilikunywa. Ahsante."

"Joan, muulize kama magunia yanamuumiza mgongo."

"Joan, mwambie nimezoea."

"Anadanganya huyo, Joan. Maharagwe hakuna mtu huzoea."

Nimecheka. Na yeye nimemsikia akicheka, polepole, kwa pua. Mara ya kwanza mimi na mama mkwe kucheka pamoja, mlango katikati, na Joan yuko kanisani anaimba! Mkono wangu ulikuwa unaendelea na tupa, huku na huku, bila mimi kuutazama.

Halafu sauti imeshuka.

"Joan, mwambie mguu yangu ilipona jana asubuhi. Hata densi naweza cheza."

Nimesogeza sikio kwa ufa, tupa haijasimama.

"Mwambie mimi najua hawa watu wa gereji. Baba yenu alikuwa wa reli, ni hao hao. Huyu angefunga pikipiki Ijumaa, Ijumaa hiyo hiyo yuko Kitale, na mtoto wangu amebaki hapa analowesha mto. Ndiyo nikakaa kwa mlango. Hatoki mpaka waongee. Edah kila siku anapika, kila siku anauliza amekula yote? Lakini kichwa yake ni ngumu, hawezi kuja wa kwanza. Na huyu naye ni jiwe."

Nimeuliza tu, kwa sauti ndogo, Joan amuulize mama: na pikipiki?

"Joan, mwambie pikipiki haikuwa na shida. Inapanda kila mahali. Shafi nilimfundisha aseme vile. Si ningemwita fundi na nini?"

Hapo ndipo sauti ya tupa ilibadilika.

Kila fundi anaijua hiyo sauti. Chuma kinasugua, kinasugua, halafu ghafla kinakosa cha kusugua. Nimechomoa tupa. Nimepeleka hed kwa dirisha. Upande wa bolti ndefu, katikati ya ule ung'aavu wote – doa jeusi. Dogo kama mbegu ya sukuma wiki. Nimepuliza nikidhani ni uchafu. Pumzi yangu imetokea upande wa pili.

Nimetoboa. Njia ya hewa sasa ina mlango kwa njia ya mafuta. Injini ikivuta pumzi itavuta na mafuta yake yenyewe, itayachoma, itayamaliza. Ikikauka inakaza ghafla, gurudumu la nyuma linajifunga, na aliye juu yake aombe Mungu.

"Joan, muulize mbona amenyamaza."

"Joan, mwambie mama ninamshukuru," nimesema. Na ni kweli, nilikuwa namshukuru. Hilo ndilo linaniua. Huyu mama amecheza mchezo mzima, mguu, veranda, Shafi, ili mimi nipate mke wangu. Na mimi nimemtobolea pikipiki nzima, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote, kwa kukosa kazi ya mikono!

Nimekasirika na yeye pia. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna mtu. Ungenifungulia mlango Ijumaa, mama, hed yako ingekuwa nzima.

Jioni Edah amekuja mpaka kwa ufa na chai mwenyewe. Ameuliza nimelalaje. Nimesema vizuri. Siku zote hizi nimengoja asimame pale, na akasimama, na mimi nimeficha hed nyuma ya gunia nikajibu kwa neno moja. Ameenda.

Nimempigia Ngari. Amenyamaza, na safari hii si sifa. Amesema kuna gundi ya chuma, ile ya tyubu mbili, ziba na hiyo. Itashika labda mwaka, labda asubuhi moja, petroli huila. Dawa ya kweli ni hed nyingine. "Na usipakie mtu, Walubengo. Unanisikia? Usipakie mtu." Kredo ya simu ikaisha.

Jumatatu, 10 Agosti.

Shafi ameleta gasketi. Ilikuwa kwake tangu Ijumaa, amekiri huku akicheka, ati maagizo ya mama. Ameleta na gundi. Ameuliza ni ya nini, nimesema mpini wa bisibisi umelegea. Nimeziba nikiwa nimempa mgongo. Nimeianika dirishani mpaka ikawa ngumu, nimepitisha msasa. Kwa macho huwezi kujua.

Nilikuwa na mpango wa kumwambia mama kila kitu. Kweli nilikuwa nao. Nilikuwa nimeanza hata maneno ya kwanza, "Joan, mwambie mama kuna jambo", mlango ukafunguliwa wote, si ufa, na Edah akaingia.

Ameketi juu ya maharagwe. Halafu akasema Shafi ameenda kupakia mtu na pikipiki ya mwenzake, nani atanishikia nikikaza nati? Nimesema hakuna. Akakunja mikono ya sweta.

Ameitazama hed. Ameinamisha kuelekea mwanga, ameona dirisha ndani yake. "Umeitengeneza kama sufuria mpya," amesema. Kisha akaingiza kidole. Mimi nilikuwa nasubiri. Kidole kilipita, kikapita, kikasimama upande ule.

"Hapa mbona kuna baridi tofauti?"

"Ni vile alumini ilimwagwa kiwandani."

Ameniangalia, akatoa kidole, akaipangusa kwa sweta. Tumefunga pamoja. Nakaza, yeye anashika, anajua ni nati gani inafuata kabla sijasema. Alijulia wapi? Kwangu, jioni zote hizo nikifanya kazi mezani pale kwetu huku yeye ameketi. Nilidhani alikuwa ameketi tu.

Kiki ya kwanza. Imewaka! Sauti safi, nzito, hata mimi nywele zimenisimama. Mama huko veranda amepiga vigelegele, amejifunika leso uso mzima, ameinuka kwa ule mguu "mgonjwa" na kuingia ndani mbio ili mimi nipite. Nimetoka stoo mchana. Jua! Nimeipeleka mlima wa mtoni na Shafi nyuma, imepanda kama inateremka. Wenzake wa boda boda wametupigia honi. Hakuna moshi. Nimeangalia mara ngapi sijui, hakuna moshi.

Labda ni ile ya mwaka. Ngari alisema labda mwaka.

Jioni Edah ameuliza, "Kesho iko sawa?"

"Iko sawa."

Ni maneno mawili tu hayo.

Jumanne, 11 Agosti. Matulo.

Niandike kwanza mazuri, kwa sababu yalikuwepo.

Barabara kavu, asubuhi ya baridi, Edah nyuma yangu na mikono yake imenizunguka tumbo. Mwanzoni alishika karia, kile chuma cha nyuma cha mizigo. Mlima wa kwanza tuliupanda tukipita lori la miwa, akaacha karia akanishika mimi. Akacheka kile kicheko. Kwa mgongo wangu nilikisikia, kinatetema. Niliwaza, Mungu, barabara hii ingeendelea hadi Uganda. Nampenda huyu mtu. Mbona ni rahisi hivi kuandika?

Kabla ya kukata kwenda Matulo niliangalia kioo cha pembeni. Moshi. Uzi tu, samawati, unatokea na kupotea. Nilipunguza mwendo, ukapungua. Edah aliuliza mbona tunatambaa. Nilisema napenda twende polepole, nikae naye. Akaegemeza kichwa kwa mgongo wangu. Alifurahi kwa uongo huo!

Kwa shangazi nimechomoa kijiti cha mafuta nikiwa nyuma ya ghala. Kimetoka na tone kwa ncha. Nilijaza jana mimi mwenyewe mpaka alama. Nimeenda dukani, nimenunua chupa ya mafuta, nimeificha ndani ya koti.

Mazungumzo yalikuwa mafupi kuliko nilivyoogopa. Shangazi ni mtu mrefu, sauti ya mwalimu. Ameniuliza mbele ya watu kama nina masikio. Nimesema ninayo. Amemuuliza Edah kama anarudi. Edah ametazama mikono yake, amesema huyu mtu amekaa kwa stoo siku zote hizo na hakutoroka, kwa hiyo anarudi. Watu wamepiga makofi. Kuku amechinjwa. Mimi nimekula lakini sijui nilikula nini.

Halafu simu ya Joan. Mama anafurahi sana. Anasema kesho tusiende kutafuta gari, hataki binti yake aonekane stejini na begi kama mtu aliyefukuzwa. Twende na pikipiki mpaka Kitale. Watu waone! Shafi ataifuata Jumamosi.

Kutoka hapa hadi Kitale: Lugulu, Kamukuywa, Kiminini, na milima yote ya katikati. Na chupa moja ndani ya koti.

Nikisema sasa – nimeharibu pikipiki ya mama aliyenitetea, na jana nimemdanganya mke macho kwa macho, na leo nimempakia juu ya kitu nilichoambiwa nisipakie mtu. Yote wayasikie kwa siku moja, na neno "anarudi" bado halijapoa. Nisiposema, nampakia tena. Nimejaribu kupata njia ya tatu. Nimesema kwa shangazi nina homa, labda tungeenda na gari. Shangazi amenipa majani ya kunywa. Machungu!

Jumatano, 12 Agosti. Matulo bado.

Nimeamka kabla yao, nimemimina chupa yote. Kijiti kimefika alama. Nimewasha, nimesubiri. Mwanzo hakuna kitu. Nikavuta aksileta – wingu! Samawati, zito, limepita juu ya migomba. Nimezima haraka. Nimesimama nikipeperusha kwa koti kama mwizi wa kuku.

Wamekuja kutuaga. Shangazi amefunga ndizi, mahindi mabichi, na jogoo miguu imefungwa. Ameomba sala ndefu ya wasafiri. Nilipofumba macho niliona gurudumu limejifunga hapo mteremko wa Kamukuywa. Amina, wote wamesema. Shangazi ameingia ndani kuwahi uji wake.

Edah amefunga begi kwa karia. Amekaza kamba vizuri, amejaribu kulitikisa. Kisha ameinama kufunga kiatu na amekaa pale chini kidogo zaidi ya kiatu. Aliposimama alikuwa ameshika upindo wa sketi yake, ile ya jana. Ameunusa. Ameniletea hata mimi ninuse. Mafuta ya injini. Madoa madogo madogo, kama mtu amenyunyizia.

"Walubengo, iko sawa?"

Nimesema ni barabara, lori la jana lilikuwa linavuja.

Hakubisha. Angebisha ingekuwa afadhali. Ameangalia hed, upande ule wa bolti ndefu, upande ule ule, akaangalia kidole chake. Halafu amefungua kamba. Polepole, fundo moja moja. Ameteremsha begi, ameliweka kwenye nyasi, ameketi juu yake, mgongo kwangu.

"Nitakungoja," amesema. "Ukishajua kama iko sawa utaniambia."

Hajakasirika. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayengoja maji yachemke. Nimechuchumaa hapa karibu na gurudumu, naandika, kama mtu anayefanya hesabu ya mafuta. Nimeshaandika hapa kila kitu, toka tupa mpaka gundi. Kuyasema ni kusimama tu na kutembea hatua tano. Jogoo amelala ubavu kando ya begi lake, na Edah anamfungulia miguu.

Shangazi ametokea mlangoni na kikombe mkononi, anauliza bado tuko, tunangoja nini.

Edah amemjibu anamngoja fundi.